Unyoya, Uzi na Ndoana: Kutoka Brora hadi Nyeri

Nzi wa kuvulia ni ndoana iliyovishwa manyoya, uzi na nywele za wanyama ili samaki amdhanie kuwa mdudu wa kweli, au angalau kitu kinachostahili kuumwa. Hana nyama wala harufu. Ni mwepesi mno kurushwa peke yake. Kinachorushwa ni mshipi, ambao kwa uvuvi huu hutengenezwa mnene na mzito, nao humvuta nzi nyuma yake hewani mpaka atue majini. Vifaa vingine vingi vya uvuvi huu, kuanzia ufito hadi viatu virefu vya mpira, hutoka kiwandani vikiwa vimetengenezwa kwa mashine. Nzi hafungwi kwa mashine. Hata yule wa bei ya chini kabisa dukani amefungwa kwa mkono wa mtu, mzunguko mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi mkono huo ni wa mtu asiyevua kabisa.

Samaki wawili ndio walioukuza ufundi huu: trauti na samoni. Kwa nasaba ni ndugu, lakini mtoni tabia zao zimeachana. Trauti hula karibu kila siku, na wadudu wa majini ni sehemu kubwa ya chakula chake. Samoni wa Atlantiki akitoka baharini kuupanda mto aliozaliwa ili akazae, huacha kula. Hata hivyo humuuma nzi, na sababu yake inabishaniwa mpaka leo: wapo wanaosema ni hasira ya kulinda mahali pake, wapo wanaosema ni mazoea ya utotoni, alipokuwa mdogo mtoni akila wadudu. Tofauti hiyo ndiyo inayoigawa meza ya mfungaji. Nzi wa trauti hana budi kufanana na kitu. Nzi wa samoni hana wa kufanana naye, kwa hiyo anayemfunga anaweza kumvisha apendavyo, na wafungaji wa karne ya 19 walimvisha kweli kweli.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki takriban mwaka 200, alieleza habari za wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili yaotayo chini ya ndevu za jogoo. Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kitabu chenye sura ya uvuvi iliyoorodhesha nzi 12 na vifaa vya kuwafungia. Kwa mapokeo, sura hiyo huhesabiwa kuwa ya mtawa Juliana Berners. Sufu, hariri na unyoya wa jogoo vilikuwamo wakati huo, na vimo hadi leo.

Safari ya kuufuata ufundi huu inafaa ianzie kaskazini. Treni inayotoka Inverness kwenda ncha ya juu ya Uskoti hufuata pwani ya mkoa wa Sutherland, ikisimama Golspie, Brora na Helmsdale. Brora ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto wenye jina hilo hilo. Maji ya mto ni ya kahawia, kwa kuwa yanapita katika ardhi ya mboji, na baridi yake haipungui hata mwezi wa saba. Mwandishi wa makala haya alipopita huko, mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kadhaa. Mto ulikuwa umeshuka, na wavuvi walikuwa wamekaa wakingoja maji yapande, kwani samoni hapandi mto mkavu. Kungoja ni sehemu kubwa ya uvuvi huu, na ndiyo maana wavuvi wana muda mwingi wa kutazama nzi.

Kaskazini ya mji, kando ya barabara ya pwani, ni Kintradwell. Hapo ndipo alipoishi Megan Boyd, mfungaji wa nzi wa samoni aliyesifiwa kuliko wote katika karne ya 20. Alizaliwa mwaka 1915 kusini mwa Uingereza na kuletwa Sutherland akiwa mtoto, baba yake alipopata kazi ya ulinzi wa mto. Mlinzi mmoja wa wanyama wa porini alimfundisha kwa njia ya kufumua: alipewa nzi wa zamani, akawafungua uzi mmoja mmoja, kisha akawafunga upya kwenye ndoana ndogo zaidi. Njia hiyo imewafundisha wengi. Huko Marekani, katika mji wa Roscoe kwenye milima ya Catskill, Walt na Winnie Dette waliianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa kufumua nzi wa fundi aliyekataa kuwafundisha, wakawa mabingwa.

Boyd alifanya kazi katika nyumba ndogo iliyokaa miaka mingi bila umeme, meza yake ikiwa dirishani upande wa bahari. Wateja wake walitoka kila tabaka, akiwemo Charles, wakati huo mwana mfalme. Mwaka 1971 alitunukiwa nishani ya Milki ya Uingereza. Hakwenda kuipokea kwa Malkia, kwa maelezo kwamba siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa wake. Na hakuvua samaki. Hakupenda kuwaua. Macho yalipomchoka akaacha kazi, na alipofariki mwaka 2001 nzi wake walikuwa wamekwisha kuwa vitu vya kuwekwa kwenye fremu za vioo ukutani, jambo linalowasikitisha wavuvi wanaokumbuka kuwa walinunuliwa ili watupwe majini.

Kumfahamu nzi wa aina hiyo ni lazima kumtazama akifungwa. Aitwaye Jock Scott, aliyebuniwa katikati ya karne ya 19 na mwongoza wavuvi wa Kiskoti mwenye jina hilo, ni mfano unaotosha. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo iliyofungwa ukingoni mwa meza, kipindo kikiwa kimeshikwa na shina likiwa huru. Nyuma kabisa huzungushwa uzi wa fedha, kisha hariri ya manjano. Mkia ni unyoya wa kishungi cha feasanti wa dhahabu wa China, uliopinda kuelekea juu. Kiwiliwili ni nusu mbili zinazotenganishwa na pete ya unyoya mweusi wa mbuni: ya nyuma ni hariri ya manjano, na juu yake na chini yake hulazwa manyoya madogo ya tukani, ya mbele ni hariri nyeusi iliyozungushiwa unyoya mweusi wa jogoo. Zote mbili huviringishwa utepe wa fedha. Kooni huwekwa unyoya wa kanga wenye madoadoa, kanga huyu huyu anayekimbia vichakani Afrika Mashariki.

Bawa ndilo mtihani. Hutumika manyoya ya bata mzinga, tausi, tandawala na swani, haya ya mwisho yakiwa yametiwa rangi ya manjano, nyekundu na buluu. Hayafungwi mazima. Mfungaji hukata nyuzi mbili tatu kutoka kila unyoya na kuziunganisha ubavu kwa ubavu, na zikipapaswa kwa ncha za vidole hushikana zenyewe, kwa sababu kila uzi wa unyoya una vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho. Sharti ni kwamba nyuzi zote za bawa la kushoto zitoke upande wa kushoto wa manyoya, na za kulia upande wa kulia. Zikichanganywa hazishikani, au hushikana kisha zikajikunja. Kazi ikikamilika, bawa lenye rangi sita au saba huonekana kama unyoya wa ndege mmoja ambaye hajawahi kuumbwa. Juu ya hayo huongezwa vipande vya jogoo mwitu wa India ubavuni, kotinga wa buluu shavuni, na nyuzi mbili za kasuku mkubwa wa Amerika Kusini kama pembe. Samoni, kwa kadiri inavyojulikana, hajali lolote kati ya hayo. Bawa la Jock Scott linafungwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi, na hakuna ubaya kulisema hivyo.

Manyoya hayo ya mbali yaliifikia Uskoti kwa sababu ya kofia. Katika enzi ya Malkia Victoria London ilikuwa soko kubwa la ngozi za ndege wa kitropiki kwa mapambo ya wanawake, na wafungaji wa nzi walinunua kilichobaki. Mwaka 1895 George Kelson alichapisha kitabu kikubwa cha nzi wa samoni, akieleza kila unyoya kana kwamba samaki angekasirika ukikosekana. Kisha, mwaka 1921, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa manyoya ya ndege wa porini, na baadaye mikataba ya kimataifa ikabana zaidi. Manyoya ya zamani yakawa adimu, na uadimu ukazaa uhalifu. Mwezi wa sita mwaka 2009 mwanafunzi wa muziki kutoka Marekani, mwenyewe mfungaji hodari, alivunja dirisha la jengo la Makumbusho ya Historia ya Asili lililoko Tring, kaskazini-magharibi ya London, akaondoka na ngozi za ndege 299. Baadhi zilikuwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace katika karne ya 19 na zingali na vitambulisho vyake miguuni. Kadhaa zilipatikana bila vitambulisho, na ngozi isiyo na tarehe wala mahali ilipotoka haina tena kazi kwa mwanasayansi. Mgeni anayepita Tring leo huona makumbusho ya ndege waliokaushwa yaliyotulia, lakini mkasa huo bado unatajwa kila wafungaji wanapokutana, kwa aibu na kwa udadisi kidogo.

Wavuvi walio wengi, hata hivyo, waligeukia kitu kingine. Kuanzia katikati ya karne ya 20 bawa la manyoya lilipisha bawa la nywele: mkia wa kulungu au wa kindi, uliotiwa rangi, ambao majini hucheza kuliko unyoya mgumu. Brora yenyewe ndiko alikotokea mmoja wa nzi hao mashuhuri, Willie Gunn, aliyepewa jina la mlinzi wa huko: nywele za manjano, za chungwa na nyeusi zilizochanganywa, kiwiliwili cheusi, utepe wa dhahabu. Hufungwa kwa dakika chache na huvua samaki.

Kusini mwa Uingereza mandhari hubadilika kabisa. Mito ya Hampshire na Wiltshire, kama vile Test, Itchen na Avon, hububujika kutoka kwenye miamba ya chokaa. Maji yake ni maangavu, yana joto lisilobadilika sana mwaka mzima, na magugu ya kijani hulala sakafuni yakifuata mkondo. Mtu akisimama kwenye daraja la Stockbridge anaweza kumwona trauti mmoja mmoja akiwa amejipanga juu ya changarawe, akitikisa mkia polepole. Samaki anayeonekana hivyo naye huona vizuri. Hapa nzi wa kurembwa hana nafasi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano huibuka katika mito hiyo mdudu mkubwa anayeitwa na wanasayansi Ephemera danica. Huishi tumboni mwa matope kwa muda wa hadi miaka miwili, kisha siku moja hupanda juu, hupasua ngozi yake juu ya maji na kubaki akielea huku mabawa yake yakikauka, yakiwa wima kama tanga la dau. Akiwahi kuruka hujibadili ngozi mara nyingine kichakani, hujamiiana, hutaga majini na kufa. Kinywa hana cha kulia. Kumwiga mdudu huyo na jamaa zake wadogo ndiko kulikomshughulisha Frederic Halford, ambaye mwaka 1886 alichapisha kitabu cha namna ya kufunga nzi wanaoelea. Siri ya kuelea iko shingoni mwa jogoo. Unyoya wa shingo ya jogoo mkomavu una nyuzi ngumu, nyembamba, zinazong'aa; ukizungushwa kwenye shina la ndoana kwa ukingo wake, nyuzi husambaa pande zote, na nzi husimama kwa ncha za nyuzi hizo juu ya utando wa maji bila kuuvunja. Unyoya wa tetea ni laini na hunywa maji, kwa hiyo hufaa kwa nzi wa kuzama.

Halford na wafuasi wake waligeuza nzi wa kuelea kuwa karibu dini. G. E. M. Skues aliyevua Itchen alipinga: trauti, alisema, hula wadudu wengi zaidi chini ya maji kuliko juu, basi kwa nini asifungiwe lava? Mwaka 1938 palifanyika mjadala rasmi London juu ya suala hilo, wazee wa mito wakibishana kwa adabu na kwa ukali.

Aliyeimaliza hoja kwa vitendo alikuwa Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon karibu na Netheravon. Lava wake amefungwa kwa vitu viwili tu, waya mwembamba wa shaba nyekundu na nyuzi za mkia wa feasanti dume, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiye nzi aliyebuniwa kwa akili kuliko wote. Waya huzungushwa kwenye shina lote la ndoana, na mbele huongezwa mizunguko ili pawe na nundu ya kifua. Nyuzi nne za feasanti, zenye rangi ya kahawia iliyoiva, hufungwa nyuma kwa ncha zake, na ncha hizo huachwa nje kidogo ziwe mikia. Kilichobaki husokotwa pamoja na waya na kuzungushwa hadi tunduni mwa ndoana. Hapo nyuzi hukunjwa nyuma juu ya nundu, zikafungwa, zikakunjwa mbele, zikafungwa tena: ndio mgongo mweusi wa mdudu aliye karibu kutoa mabawa. Waya huzungushwa mara ya mwisho na kukatwa. Hakuna uzi, gundi wala vanishi. Waya ni uzito wa kumzamisha, ni kamba ya kumfunga, na ni mng'ao wa mwili wake, vyote kwa pamoja. Sawyer alichapisha maelezo yake mwaka 1958, na leo ni vigumu kupata sanduku la mvuvi wa trauti, popote duniani, lisilo na nzi huyu.

Kutoka hapo msafiri huvuka bahari hadi kaskazini mwa Hispania, mkoa wa León, ambako unyoya ndio mazao. Katika bonde la mto Curueño, chini ya milima ya Cantabria, vijiji vinavyozunguka La Vecilla hufuga majogoo wa aina mbili: Indio, wenye manyoya ya rangi moja yanayong'aa, na Pardo, wenye madoa ya kahawia. Kuku hawa hawachinjwi kwa ajili ya manyoya. Jogoo hushikwa mara kadhaa kwa mwaka, akapakatwa, na manyoya ya kiunoni huchomolewa moja baada ya jingine, kisha huota tena. Huuzwa kwa matita ya manyoya 12, yamepangwa kwa urefu na kung'aa kwake. Wafugaji hushikilia kwamba jogoo akihamishwa bondeni manyoya hupoteza mng'ao, na imani hiyo, iwe kweli au isiwe, imewasaidia kulinda bei. Uzoefu wao umeandikwa zamani: mwaka 1624 Juan de Bergara wa Astorga aliandika hati inayotaja nzi wa kila mwezi wa msimu na jogoo gani atoe unyoya gani. Hati ya asili imepotea, zimebaki nakala.

Kituo cha mwisho ni Kenya. Kusini mwa Sahara hakukuwa na trauti wa asili hata mmoja. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, aliingiza trauti wa kahawia wenye asili ya ziwa Loch Leven la Uskoti katika mto Gura, unaoshuka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Wakasambazwa katika mito ya mlima Kenya, kama Naro Moru, Thego, Ragati na Burguret, na kituo cha kuzalisha vifaranga kikawekwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Tanzania nayo ilipata wake kwenye mito ya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini, na mabwawa ya mashamba ya chai ya Mufindi. Trauti hustahimili maji baridi yenye hewa nyingi tu, ndiyo sababu huku hupatikana milimani peke yake.

Mto Gura hauna majira manne, wala hauna siku ambayo mdudu mmoja hujaa hewani kama ilivyo Hampshire. Maji huenda mbio kati ya mawe makubwa chini ya mianzi na samaki hana nafasi ya kuchunguza; huamua mara moja. Kwa hiyo nzi wanaofaa huko ni wale wasioiga mdudu mahususi: wenye kichwa cha ushanga mzito wa kuwazamisha upesi, au weusi na wa kahawia wenye unyoya laini. Anayevua huko huhitaji pia kibali, na ndani ya hifadhi huhitaji askari wa wanyamapori, kwa sababu nyati na tembo hushuka kunywa maji.

Walowezi hawakuleta samaki tu, walileta na haja ya nzi, na tangu enzi ya ukoloni Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi kwa wingi kwa ajili ya soko la dunia. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake nchini, na zipo karakana ndogo nyingi Nairobi na vitongojini, wafungaji wengi wakiwa wanawake. Katika karakana moja ndogo aliyoitembelea mwandishi, meza ndefu zilikuwa zimepangwa kufuata madirisha, kila kiti kikiwa na jiliwa yake, taa, mkasi mfupi, na kibanio cha kushikia ncha ya unyoya. Mama mmoja wa makamo alikuwa akifunga lava wa Sawyer kwenye ndoana namba 16, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kadiri namba inavyopanda ndoana hupungua. Hakuwa akiitazama mikono yake muda wote. Alikuwa akizungumza na jirani yake juu ya ada za shule, vidole vikihesabu nyuzi nne kwa kugusa tu, na alipomaliza alimtoa nzi kwa kucha na kumchomeka kwenye sifongo pamoja na wenzake, mikia yote ikiwa na urefu mmoja.

Kazi ya namna hii kwa kawaida hulipwa kwa dazeni, na kila dazeni hukaguliwa. Nzi hukataliwa akiwa na vanishi iliyoziba tundu la ndoana, kwa sababu mvuvi hataweza kupitisha uzi wake; au unyoya wake ukizidi kipimo; au kichwa kikivimba kwa uzi mwingi. Wafungaji wengine wakiiva huondoka na kufunga nyumbani kwa ajili ya wanunuzi wao wenyewe, wanaowapata mtandaoni, ingawa hapo shida huwa ndoana bora na manyoya ya majogoo wanaofugwa maalumu Marekani, ambavyo vyote huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Ushindani nao ni mkali, kwani Thailand na Sri Lanka hufunga nzi kwa masoko yale yale, na mnunuzi wa Ulaya hulinganisha bei ya dazeni kwa senti.

Oda hufika miezi kabla ya msimu wa kaskazini kufunguliwa, kwa hiyo karakana huwa na shughuli nyingi wakati mito ya Uskoti ina barafu kingoni. Mfungaji hupewa nzi mmoja wa mfano aliyechomekwa kwenye kadi, pamoja na karatasi ya vipimo. Humgeuza mara mbili tatu kwenye mwanga, akaona fundo la mwisho limekaa wapi na unyoya umezungushwa mara ngapi, kisha huanza dazeni ya kwanza.